Bango, Benchi na Bei: Niliyojifunza Kwenye Kliniki ya Akili Mpanda

Kliniki binafsi ya akili kwenye mji kama Mpanda huchagua wagonjwa wake kabla daktari hajafungua mdomo. Inawachagua kwa rangi ya ukuta, kwa jirani iliyempata, kwa bei ya kufungua faili, na kwa yule mtu wa kwanza aliyeonekana akitoka humo amechangamka au amekakamaa shingo. Mimi ni muuguzi, nilisomea uuguzi wa akili Dodoma, na nimekaa mapokezi ya kliniki ya namna hiyo mjini hapa tangu ilipofunguliwa. Daktari bingwa wetu huja wiki moja kila mwezi kutoka Dar es Salaam. Madaktari wa fani yake nchini ni wachache mno na wengi wako huko na Dodoma. Wiki zilizobaki, anayekuja ananikuta mimi na daftari langu. Ndiyo maana nimeyaona mambo ambayo yeye hayaoni: nani aliingia, nani alipita mbele ya mlango akarudi akapita tena akaenda zake, na nani alimtuma mtoto aje kuuliza, “Eti hapa wanatibu nini?”

1. Sura yako inakutangulia mjini

Kabla hatujapigilia msumari hata mmoja, Mpanda ilishakuwa na picha yake ya matibabu ya akili, na picha hiyo ilikuwa na jina: Mirembe. Hospitali ile ya Dodoma ipo tangu miaka ya 1920, na pamoja na Isanga, wanakowekwa wagonjwa wa akili waliohusishwa na makosa ya jinai, imebeba mzigo wa nchi nzima. Mtaani, lakini, jina lake ni tusi. Watu wakigombana Kawajense au Nsemulwa, haipiti dakika mmoja hajamwambia mwenzake kwamba Mirembe wanamtafuta.

Kwa watu wa huku ilikuwa ni safari ya treni: Mpanda hadi Kaliua, Tabora, kisha Dodoma, kwa njia ile iliyojengwa enzi za Mwingereza kufuata madini ya risasi ya Mukwamba. Wazee husimulia walivyoona mgonjwa akipandishwa behewani amefungwa kamba, na baada ya miezi akishushwa mnene, mpole, macho yamelegea. Kutibiwa akili kwao ni hivyo: unasafirishwa ukiwa umefungwa, unarudishwa ukiwa mtu mwingine.

Juu ya hilo kulikuwa na suala la sisi kuwa kliniki binafsi, maana sheria ya mwaka 1977 ilizuia udaktari wa kujipatia faida, na mlango haukufunguliwa tena hadi 1991. Mtu wa makamo amekulia kwenye imani kwamba tiba ni ya serikali au ya misheni, na daktari anayetoza ni mfanyabiashara kama wafanyabiashara wengine. Kwa hiyo tulianza na madoa mawili, la wazimu na la tamaa, na hatukuwa tumemgusa mgonjwa hata mmoja.

2. Bango linafungua mlango mmoja na kufunga mwingine

Bango letu la kwanza lilisema kweli tupu: Kliniki ya Magonjwa ya Akili, maandishi mekundu kwenye ubao mweupe. Maadili ya udaktari hayamruhusu daktari kujinadi kama muuza sabuni, kwa hiyo ule ubao ndio uliokuwa redio yetu.

Waliokuja ni wale ambao ndugu zao walikuwa wamemaliza milango yote. Walifika kwa mshikaki wa bodaboda, mgonjwa katikati, kaka mbele na mjomba nyuma, mikono imefungwa kwa kipande cha kanga au kamba ya katani. Walitoka Kakese, Mwamkulu, hata Usevya. Wengi walikuwa wameshauza mbuzi kwa mganga wa kwanza, ng'ombe kwa wa pili, na kwetu walifika na nauli ya kurudia tu. Ilikuwa kazi ngumu na ya maana. Kijana aliyefika akiongea na watu wasioonekana, baada ya wiki chache za dawa anakusalimia, “Shikamoo, nesi,” na anakumbuka jina lako.

Ila kodi ya pango hailipwi kwa shikamoo. Daktari akamwita fundi wa mabango, likaandikwa jipya, la buluu: Afya ya Akili, Usingizi na Msongo wa Mawazo. Mvua za msimu ule hazijaisha, benchi lilikuwa limebadilika. Wakaja walimu, watumishi wa halmashauri, askari wa wanyamapori, wafanyabiashara wa mpunga, wake wa watu wakubwa. Daktari alikuwa yuleyule, dawa zilezile, na nesi ni mimi. Wale wa kamba wakatoweka. Hakuna aliyewafukuza, hakuna hata aliyewaambia neno. Siku moja sokoni nikakutana na mzee wa Mwamkulu ambaye mwanawe tulimtibu mwanzoni, nikamuuliza mbona kimya. “Mwanangu,” akaniambia, “mimi nilijua mmehama. Naona pale siku hizi ni ofisi.”

Kuna wanaosema bango la pili lilikuwa la kuficha. Silikubali kabisa wala silikatai. Mwalimu aliyekuwa halali usingizi tangu mkewe afariki hakuwa akiingia chini ya yale maandishi mekundu hata umlipe, na sonona yake haikuwa ya kubuni. Lakini kila tunapolainisha maneno ili yeye aingie, tunamthibitishia kwamba kile alichokimbia ni cha kukimbiwa.

3. Jirani wa kliniki ni sehemu ya dawa

Bahati yetu ilikuwa ukuta. Upande mmoja tuna fundi wa meno, upande wa pili duka la pembejeo za kilimo, na wote watatu tunachangia veranda moja. Ukimwona mtu amekaa pale huwezi kujua kinachomuuma ni jino, shamba au roho.

Mwenye duka ndiye aliyegundua kabla yangu. Alikuja akicheka: mbegu za mchicha zinaisha kuliko za mahindi, tena kiangazi. Kumbe wagonjwa wetu walikuwa wanapitia dukani kwanza, wananunua ile pakiti ndogo ya bei rahisi kuliko zote, wanatoka nayo mkononi ikionekana vizuri, kisha wanageukia mlango wetu kama mtu aliyepotea. Kulikuwa na mama mmoja wa Makanyagio aliyefanya hivyo kila alipokuja kwa dawa zake. Nilimuuliza ana bustani kubwa kiasi gani. Akafungua mkoba akanionyesha: pakiti zote zimo, hazijafunguliwa. “Nikiulizwa nilikwenda kufanya nini mjini, jibu ninalo.” Alikuwa hajamwambia mume wake, wala mama mkwe, wala jumuiya ya kanisani.

Baadaye daktari alipata nyumba nzuri zaidi, imejitenga, ina geti na maua, upande wa kata ya Mpanda Hotel. Nilimshauri asihame. Nyumba iliyojitenga ina heshima yake, lakini anayeingia getini ana sababu moja tu ya kuingia, na mji huu unajuana. Kwa Dar es Salaam ningesema vingine.

Wanaume, lakini, hawanunui mchicha. Wao huingia moja kwa moja na kusema wamekuja kuulizia dawa ya nguvu. Wachimbaji wa dhahabu wa Dirifu hasa. Unampa kiti, unamwacha azungumzie kitanda, na kabla hajamaliza ameshafika kwenye deni, gongo, na usiku anaoamka saa tisa na kukaa nje hadi kunakucha. Tungekuwa tumeandika kwamba hatutibu hilo la nguvu, tusingewaona kabisa.

4. Bei inaongea kuliko daktari

Kila Mtanzania aliyekuwa mtu mzima mwaka 2011 anamkumbuka Babu wa Loliondo, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, na kikombe chake cha dawa cha shilingi 500 kijijini Samunge. Viongozi na makabwela walipanga foleni moja. Ile mia tano ilikuwa na nguvu kuliko mti uliochemshwa: ilimwambia mnywaji kwamba mtoa dawa hana tamaa, na asiye na tamaa hawezi kuwa mwongo.

Sisi tulipoweka bei ya kumwona muuguzi chini sana ili wa vijijini waje, wa vijijini hawakuongezeka, na wenye hela wakaanza kuuliza ni dawa gani hiyo. Babu alikuwa na ndoto ya Mungu nyuma ya bei yake. Sisi tulikuwa na mwenye nyumba. Tulipoipandisha, waliokuja walikaa wima zaidi kwenye kiti na kumeza vidonge walivyoandikiwa. Sipendi kuliandika hili, ila ndivyo ilivyokuwa.

Kilichowaleta wa vijijini hakikuwa punguzo la bei, kilikuwa wakati wa kulipa. Mganga wa kienyeji anaelewa jambo hili kuliko mhasibu yeyote. Anachukua kitangulizi, kuku au elfu kadhaa, halafu anasubiri: mgonjwa akipona, ndipo inakuja mbuzi au ndama. Na anajua mpunga wa Mpimbwe unavunwa lini. Mkulima wa tumbaku wa Inyonga au Mishamo analipwa kupitia chama cha msingi, na malipo hayo hayafuati kalenda ya kuugua kwa mtoto wake. Tulipoanza kuandika deni hadi mavuno, daftari likajaa majina ya mbali. Wapo waliokimbia na deni. Wengi walilipa, baadhi kwa gunia la mchele, na daktari wetu akajifunza kula wali wa mkoa wetu wa Katavi akiwa Dar.

La kadi ya bima lilinishangaza zaidi. Mwenye kadi ndiye aliyekuwa akitoa taslimu. Mtumishi wa umma, kadi ipo kwenye pochi, anahesabu noti. Fomu ya bima huandikwa ugonjwa, fomu hupita mikononi mwa watu, na yeye anangoja kupandishwa cheo. Kwa hiyo kliniki binafsi inauza pia ukimya, na anayeununua ni yule ambaye angeweza kutibiwa bila kutoa hela.

5. Mganga lazima awe ametoka mbali

Tembea Dar es Salaam uone matangazo yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme: mganga kutoka Sumbawanga, anarudisha mpenzi, anasafisha nyota. Sumbawanga ni jirani zetu. Hadi mwaka 2012 tulikuwa mkoa mmoja wa Rukwa. Kwa hiyo ungetegemea watu wa Mpanda washuke huko kwa wingi. Wapi. Mtu wa Mpanda mwenye shida nzito atakwambia kuna mtaalamu Kigoma, au Tanga.

Daktari wetu alifaidika na hulka hiyo hiyo. Wiki yake ikifika, veranda inajaa kwa sababu ni “dokta wa Dar”. Mimi, niliyesomea jambo lenyewe na ninayejua nani kameza dawa na nani kazitupa chooni, ni binti wa hapa, baba yangu wanamfahamu. Mwanzoni niliona kero. Sasa naitumia: asiyeweza kusubiri wiki ya daktari namwambia nitampigia simu Dar mbele yake, simu inawekwa sauti ya juu, na ushauri ambao ningempa mwenyewe unapokelewa vizuri zaidi.

6. Mgonjwa wa kwanza aliyepona ndiye anayekuchagulia wa mia

Alikuwa msichana wa Katumba, yale makazi ya Nsimbo yaliyofunguliwa mwaka 1972 kwa wakimbizi wa Burundi. Wengi wao ni raia sasa. Mwaka 2014, zaidi ya watu 160,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walipewa uraia wa Tanzania. Mama yake aliingia na daftari la shule la kurasa chache. Ndani hakukuwa na maneno, ni mistari ya kalamu tu: kila mstari, kuanguka kumoja. Kulikuwa na kurasa zimejaa hadi pembeni. Mkono wa kushoto wa mtoto ulikuwa na kovu la moto kuanzia kiwiko hadi vidole, maana aliangukia jikoni na waliokuwapo waliogopa kumgusa. Wanaamini povu la kifafa linaambukiza.

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, lakini kwa Tanzania kliniki za akili ndizo zinazoubeba. Sababu zake huku kwetu ni za kawaida kabisa: uzazi mgumu, malaria iliyopanda kichwani, mabuu ya minyoo ya nguruwe yanayofika kwenye ubongo. Vidonge vya fenobabitoni ni vya bei ndogo. Daktari akamwanzishia. Mama aliporudi, ukurasa mpya ulikuwa na mistari michache. Mara iliyofuata ulikuwa mweupe.

Basi. Kilichotokea hakikuhitaji fundi wa mabango. Walianza kuja kutoka Katumba, kisha Mishamo, watoto wenye makovu, mabinti waliokataliwa kuolewa, baba mzima aliyekuwa amefichwa chumba cha nyuma. Historia hii si mpya nchini. Mahenge, mwaka 1960, daktari Mnorwe Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa, na wagonjwa waliotulia ndio walioita wengine kutoka milimani. Nasi tukawa “kwa dokta wa kifafa”, jina ambalo hatukujipa.

Na jina hilo likatupunguzia wengine. Wale wa msongo walianza kusubiri kwenye ngazi za duka la pembejeo badala ya benchi letu. Nilimwona bwana mmoja, mtu wa ofisi, anapangusa benchi kwa leso kabla ya kukaa, halafu anaitupa leso. Nilimweleza kuhusu povu. Alinisikiliza kwa adabu zote, na mwezi uliofuata hakuja. Ndipo tukaitenga Jumanne iwe ya kifafa peke yake. Biashara ilitulia. Lakini ni utaratibu uliojengwa juu ya hofu ya uongo, na kila Jumanne hilo linanikaa rohoni.

Upande wa pili wa fundisho hili ni shingo. Dawa za zamani za kutuliza wazimu, haloperidoli na nduguze, zikizidi dozi humkakamaza mtu: shingo inavutwa upande, ulimi unakuwa mzito, mate yanatoka. Kitaalamu inarekebishika upesi. Mtaani hairekebishiki. Kijana mmoja akipita stendi akiwa hivyo, amekwisha kukutangaza kwa kila bodaboda na kila konda. Daktari wetu huanza na dozi ndogo, anapandisha taratibu, na huwaambia ndugu mapema dalili za kuangalia na dawa ya kuzizima. Anasema ni kwa ajili ya mgonjwa. Ni kweli. Ni kwa ajili ya bango pia.

7. Kuna wanaokuja kwa sababu wewe si serikali

Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa ametenda kosa. Wakenya walikuwa na kifungu kama hicho hadi Mahakama Kuu yao ilipokitangaza kuwa kinyume cha katiba, Januari 2025. Sisi bado. Kwa hiyo familia iliyomnusuru mtu wao inaogopa mambo mawili kwa pamoja, kumpoteza na kumpeleka polisi. Hofu ya PF3, ile fomu ya polisi, ni kubwa kuliko ya kifo. Wanakuja kwetu usiku, wanagonga dirisha la mlinzi, wanasema “ana mawazo tu”. Kama bado kuna hatari ya mwili, namkatalia mtu yeyote kubaki kwetu: ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, sasa hivi, na naenda nao. Mwili ukishatulia, warudi tukae. Wengi hurudi, na hao ndio wagonjwa waaminifu kuliko wote tulionao.

8. Mlango wa nyuma

Nairobi wana milango miwili ya tiba ya akili ndani ya mji mmoja. Kuna Mathari, ya serikali, iliyogeuzwa nyumba ya kufungia vichaa mwaka 1910, na hadi leo jina lake linatumika kama letu la Mirembe. Na kuna Chiromo, hospitali binafsi za akili zenye nyumba na miti, na tawi lake moja linaitwa Bustani. Mwenye bima nzuri anaweza kwenda Bustani bila kujieleza kwa majirani. Sioni aibu katika hilo, aliyeumwa anastahili maua. Ila pale ambapo mlango wenye maua ni mmoja na mwingine una nondo, mgonjwa yuleyule mwenye maradhi yaleyale anageuka watu wawili, na jamii inaamini ni magonjwa mawili.

Mpanda hatuna watu wa kutosha kujaza milango miwili, na ndiyo maana mvutano wangu na daktari haujaisha. Wale wa kamba wameanza kurudi, safari hii kwa njia ya ndugu wa wagonjwa wa kifafa. Yeye anataka waingilie uani, kupitia uchochoro wa fundi wa meno, ili wanaolipa wasikimbie. Ana hesabu zake na hesabu hizo ndizo zinazonilipa mshahara. Mimi nasema waingie mbele, na kamba ifunguliwe palepale verandani, mgonjwa apewe kiti na maji kama mtu yeyote aliyetoka mbali. Tumekubaliana kwa sasa kwamba wiki ya daktari wanapita uani, na wiki zangu wanapita mbele. Mwenye duka la pembejeo ameniuliza kama aagize mbegu za mchicha za kutosha kwa wiki zangu. Nimemwambia aagize kidogo, tuone.